Mume Wangu Anataka Kumwaga Zege Juu ya Bustani ya Mama Yake

Asalaam aleikum Mama Hartati,

Naomba unisaidie, na ukiweza nijibu upesi, maana mifuko ya saruji imeshapangwa barazani kwetu na mume wangu amesema mvua ikipumzika tu anamwaga. Mimi ni mke wa nyumbani, naishi kijiji kimoja cha Gunungkidul, na gazeti lako huwa nalipata sokoni likiwa limeshafungiwa tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, kwa hiyo mara nyingine nasoma swali la mtu bila jibu lake, au jibu bila swali, lakini hata hivyo nimekuamini kwa sababu humpambii mtu maneno ili afurahi.

Niite Murtini. Mume wangu anaitwa Triyono, ni fundi mwashi. Tuna mtoto mmoja wa kike, Kinanti, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, na tunaishi na mama mkwe wangu, Mama Paikem, katika nyumba yake, juu ya ardhi yake, na hiyo bustani ya uani ninayokuandikia habari zake aliipanda yeye kabla mume wangu hajazaliwa. Unajua mwenyewe huku kwetu udongo ni mwembamba kama blanketi la maskini, chini yake ni mawe ya chokaa matupu. Mama aliubeba udongo kwa tenga kutoka bondeni, akaulisha samadi ya mbuzi, majivu, maganda, majani ya mgomba, mwaka hadi mwaka, mpaka leo ukichoma kidole kinazama chote. Kuna mlonge, mipapai, migomba, mihogo, kunde ndefu zimepanda juu ya fito, pilipili za kila namna, manjano, tangawizi, na pembeni mchaichai uliojaa kama nywele za kichaa.

Mimi nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi sikujua lolote, baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini, mboga kwetu ilikuwa kitu kinachotoka kapuni. Mama alinifundisha kwa matusi. "Mkwe gani huyu anamwagilia jua la utosini! Unaipikia supu miche yangu?" Nikishika jembe anasema nalishika kama mwiko. Nikipalilia anapiga kelele, "Siyo hiyo! Hiyo ni mboga ya mjukuu wangu ambaye mpaka leo hujanizalia!" Nililia sana mwaka wa kwanza, Mama Hartati, lakini nilijifunza, na ikafika mahali yeye anaanza tuta upande huu, mimi upande ule, tunakutana katikati hatujasemezana neno na kazi imekwisha. Nyumba yetu haikununua mboga. Ile miezi ambayo hakuna anayejenga na Triyono anashinda anavuta sigara, bustani ndiyo ilikuwa inatupikia, na inayobaki nauza sokoni. Jirani yetu, Mama Tukinah, huingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, anachuma pilipili, anaacha mayai.

Mambo yalianza kuharibika polepole. Mama aling'oa karanga zote akasema ni magugu. Tukasema macho. Akapanda miche ileile mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Tukasema uzee. Halafu siku moja nikamkuta amepanda wali. Wali uliopikwa, Mama Hartati, wa jana yake, ameufukia kwenye mashimo yaliyonyooka kwenye mstari kama alivyonifundisha mimi, na ameumwagilia maji. Nilimsimulia Mama Tukinah, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Ndani ya nyumba alikuwa ameshaanza kunisahau, ananiangalia na kuniuliza, "We mwanamke, kwenu hawakutafuti?" Lakini akitoka uani, akishika udongo, anarudi kuwa yeye. "Murtini, lete kisu. Murtini, hiyo kunde imekomaa, unangoja ife?" Jina langu lilikuwa linaishi kule nje. Ndiyo maana nilimwacha akae kule, nilidhani bustani inamponya.

Sasa nikuambie kilichotokea. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa mawe, kulikuwa na gadung, kile kiazi cha kutambaa chenye shina la miiba, ambacho usipokimenya, ukakikata vipande vyembamba, ukakisugua majivu, ukakianika, ukakiloweka siku kadhaa na kubadilisha maji kila mara, ni sumu. Mama alikuwa bingwa wa gadung. Vipande vyake vya kukaanga watu walikuwa wanaviagiza kwa ajili ya harusi. Hakuna hata siku moja mtu aliumwa tumbo kwa mkono wake.

Siku hiyo nilikwenda sokoni na pilipili, Triyono alikuwa kazini, Kinanti hakuwa na shule. Nilimwacha na bibi yake kama nilivyomwacha siku zote. Niliporudi nilisikia harufu ya tui na sukari ya mnazi tangu njiani, nikafurahi, nikasema leo Mama amekumbuka kupika. Kinanti alikuwa amekaa kizingitini, mate yanamtoka.

"Mama, koo linawaka."

"Umekula nini?"

Akaonyesha ndani kwa kidole. Mama Paikem alikuwa anakoroga chungu, amejifunga leso kichwani vizuri, uso umetulia.

"Anadeka tu huyo," akasema. "Nimempikia muhogo, kala bakuli zima, sasa anataka kubebwa."

Nikatazama chini nikaona maganda yenye vinyweleo. Yalikuwa ya gadung.

"Mama, huu siyo muhogo."

"Unanifundisha mimi muhogo? Wewe uliyekuja hapa hujui hata kitunguu?"

Nyuma yangu mtoto alianza kutapika, halafu akakakamaa, macho yakageuka, degedege likamshika. Nilipiga kelele, Mama Tukinah akaja na pikipiki yake, mimi nikakaa nyuma na mtoto katikati yetu, anatupigapiga kwa mikono. Kituo cha afya hawakutuweka, wakatupakia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali ya wilaya. Tulikaa huko siku nyingi. Mungu amemrudisha. Lakini mkono wake wa kushoto unatetemeka akishika kijiko, na daktari anasema tungoje tuone. Nilipopitia nyumbani kuchukua nguo nilikuta sahani mezani, imefunikwa kwa jani la mgomba, gadung imepangwa vizuri na nazi juu yake. Mama mwenyewe hakuwa amekula. Alikuwa anamngoja mwanawe arudi kazini wale pamoja.

Yeye hakumbuki kitu. Kila siku ananiuliza, "Kinanti yuko wapi? Mbona haji kunishikia kapu?" Na Kinanti akisikia tu kikohozi cha bibi yake anaingia chini ya kitanda na kujiziba mdomo.

Triyono alichukua panga akakata gadung. Halafu hakuacha. Akakata mipapai yenye matunda, akakata mlonge, akakata fito za kunde, mpaka Mama Tukinah akaja kumshika mkono. Kesho yake akaleta saruji.

"Namwaga yote," akaniambia. "Kutoka ukuta mpaka ukuta."

"Tutakula nini?"

"Tutanunua, kama watu wengine."

"Ile miezi huna kazi tutanunua na nini? Na mama yako je? Pale ndipo anapojijua."

Akanigeukia, Mama Hartati, sijawahi kuona uso ule. "Anajijua? Alimwekea nani ile sahani, Murtini? Mimi ningerudi ningekula! Ningekula nikamshukuru! Wewe unataka nimzike mtoto ndiyo uridhike na mboga zako?"

Tangu siku hiyo Mama anashinda chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje. Mimi ndiye ninayefunga. Hapigi kelele, ningependa angepiga. Anabisha kwa adabu, kama mgeni, anasema, "Wenyewe hodi? Naomba kutoka. Miche yangu inakauka." Anangoja, anabisha tena. Siku hizi chakula anakigusa tu. Kuna wakati nasimama upande wa pili wa mlango nalia, na kuna wakati naongeza sauti ya redio.

Na kuna neno sijamwambia mtu yeyote. Kule hospitalini, mtoto akiwa hajafumbua macho, nilimwomba Mungu amchukue bibi badala yake. Mtoto akafumbua macho. Sikuifuta ile dua. Mpaka leo ninapomsikia anabisha, sijaifuta.

Sasa niambie, nimwache mume wangu amwage zege? Nikisimama kuitetea bustani, mimi ni mama wa namna gani? Na nikinyamaza, nahisi namzika mtu mzima aliye hai, na udongo wake pamoja naye. Nimechoka, Mama Hartati. Nisaidie.

Murtini,
Gunungkidul


MAMA HARTATI ANAJIBU

Murtini, waaleikum salaam. Pole mwanangu. Hiyo pole ni ya moyoni, ishike vizuri, maana yanayofuata hayatakuwa matamu.

Naanza na mtoto, kwa sababu wewe umemaliza barua yako na mama mkwe na zege, na mtoto umemwacha chini ya kitanda. Daktari aliyesema mngoje hakusema mngoje nyumbani. Mrudishe Kinanti hospitali wiki hii, uliza habari za huo mkono, uliza kama kuna mazoezi, na usiondoke mpaka mtu amekujibu kwa lugha unayoielewa. Na asilazimishwe kumsalimia bibi yake. Mtu yeyote atakayemwambia "msamehe bibi, ni mzee," mtoe nje. Mtoto ana haki ya kuogopa kilichomtia degedege. Akitaka kumkaribia atamkaribia mwenyewe, na asipotaka, basi.

Sasa wewe. Ulimwona mtu amepanda wali, ukacheka. Nakuelewa, wengi tungecheka, kicheko huwa kinakuja mahali ambapo hofu ingekuja. Lakini mtu anayepanda wali uliopikwa haachiwi jiko, haachiwi kisu, wala haachiwi mtoto, na wewe ulimwachia vyote vitatu ukaenda sokoni. Nakuambia mara moja tu na sitarudia, na wewe usikae kujirudia kutwa nzima, mtoto wako anahitaji mama mwenye akili zilizotulia. Nakuambia ili ujue kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye udongo.

Triyono, najua mkeo atakusomea hapa, kwa hiyo kaa chini. Wewe ni mwashi, na mwashi akiogopa anajenga. Nimekuelewa. Lakini nijibu, tangu mama yako aanze kupotea, umemwogesha mara ngapi? Umemkata kucha? Umewahi kukaa naye asubuhi nzima ukaona anavyoshindwa kuvaa nguo yake? Mkeo anajua mama yako amefika wapi. Wewe ulikuwa unamjua mama aliyekulea, na siku ile sahani ilipokungoja mezani ndipo ulipotambulishwa kwa huyu wa sasa, na hukuweza kumtazama, ukageukia mipapai. Mipapai ilikukosea nini? Unataka kumwaga zege ili usione. Haya, mwaga. Kesho atanywa mafuta ya taa akidhani ni maji. Atatumbukia kisimani. Atampa mtoto sabuni akisema ni sukari. Utaziba vyote kwa zege? Ugonjwa uko kichwani kwake, na kichwa hakijengewi ukuta.

Na hujamaliza hata hiyo gadung yako. Umekata shina, kiazi kiko ardhini, mvua zikikolea kitachipua. Chukua jembe, chimba mpaka kwenye jiwe, toa kila kiazi, hata kidogo kama kidole, choma. Ukimaliza, kagua ile mihogo, na kama kuna ya aina chungu, ng'oa, panda ile tamu. Nyumba yenye mtoto na mtu aliyepotewa na akili haipandi kitu ambacho kosa moja la mpishi linaua. Hilo halina mjadala, Murtini, hata kama vile vipande vya harusi vilikuwa vitamu namna gani.

Saruji isiharibike, ina kazi. Jenga ukuta na mlango wa jiko, komeo liwe juu mahali asipofika. Funika kisima. Halafu mtengenezee njia nyembamba katikati ya bustani, isiyoteleza, yenye ukingo wa kushikilia, ili atembee bila kuanguka. Mpe tuta lake moja, karibu na mlango, lenye mboga za majani ambazo hata akizila mbichi hazimdhuru. Aling'oe. Alipande. Aling'oe tena. Lisizae kitu mwaka mzima, usimkaripie, hilo tuta halilimwi kwa ajili ya sufuria. Yaliyobaki ni yako, Murtini, ya kulisha nyumba, na uanze kupanda upya leo, maana udongo wa miaka yote hiyo hauna duka unakouzwa, ukiufunika umekwisha, na hakuna mtu hapo kwenu atakayeanza tena kubeba matenga kutoka bondeni.

Asiachwe peke yake na mtoto, hata kwa muda wa kuchemsha chai. Mkienda kazini na sokoni wote wawili, mtafuteni Mama Tukinah au mtu mwingine, mumlipe kwa mboga kama hamna kingine. Waambieni majirani wazi, bila kuficha, kwamba mama amepotewa na kumbukumbu, mtu yeyote asipokee chakula kutoka kwake. Aibu iacheni, ilikaribia kuwaua. Mpelekeni kituo cha afya apimwe. Huenda wakasema hakuna dawa ya kumrudisha, lakini wapo wanaopotewa kwa sababu ya maradhi yanayotibika, na nyinyi hamjauliza.

Kuhusu alichofanya, msimwambie. Mkimwambia leo atalia, kesho atakuwa amesahau, mkimwambia tena atalia tena kama ndiyo kwanza anasikia. Mtakuwa mnamwadhibu kila asubuhi kwa kosa jipya. Akiuliza mtoto yuko wapi, mwambieni yuko shule.

Ile dua. Sitakudanganya kwamba si kitu. Ni kitu, na utaishi nayo. Lakini Mungu anawajua wanawake waliokaa kwenye mabenchi ya hospitali, na dua haikumfungia mtu mlango. Mkono ndio uliofunga. Mwanamke mzee anayefungiwa ndani na kuacha kula hafiki msimu ujao, na siku atakapokufa mle, hakuna atakayekuuliza, watasema ni umri. Wewe peke yako ndiye utakayejua. Huo ndio mzigo ninaotaka kukuepusha nao, kwa sababu ule wa dua unabebeka, na huu haubebeki.

Sikuahidi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Hayatakuwa. Atazidi kupotea. Siku inakuja atakuita mwizi ukiwa umeshika jembe mbele yake, na jina lako halitakuwepo tena hata huko nje. Utamlisha, utamfuta, utachoka, na huenda usisikie asante mpaka anaondoka. Mumeo akikusaidia utachoka nusu. Mwambie nimesema hivyo.

Sasa weka gazeti chini. Mfungulie mama mlango, mshike mkono, mtoe nje akae kwenye udongo kabla jua halijawa kali. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie ni mkwewe. Akiuliza tena, mwambie tena.